Kosa la Mwamuzi Halikuwapokonya Auburn Ushindi

Aprili 6, 2019, katika uwanja wa U.S. Bank mjini Minneapolis, mbele ya watazamaji zaidi ya 72,000, timu ya Chuo Kikuu cha Virginia iliifunga Auburn 63 kwa 62 katika nusu fainali ya mashindano ya NCAA, ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Kwa saa za Afrika Mashariki mchezo ulianza saa saba na dakika kadhaa usiku, na wapenzi wa mpira wa kikapu waliokesha kuutazama waliamka Jumapili na kauli moja mdomoni: Auburn wameibiwa. Miaka imepita na kauli hiyo haijachakaa. Mtajie shabiki jina la Auburn, naye atakutajia filimbi ambayo haikulia.

Mimi naipinga kauli hiyo. Kosa la mwamuzi lilikuwepo, nalikubali bila kigugumizi. Wizi haukuwepo. Tofauti ya maneno haya mawili ni kubwa, kwa sababu anayesema "kosa" anazungumzia mchezo, na anayesema "wizi" ameshaanza kumtafuta mwizi.

Hoja yao ilivyo

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Hoja ya wanaodai wizi ina nguvu, na anayetaka kuijibu lazima aieleze kama wanavyoieleza wenyewe wakiwa wametulia.

Zilikuwa zimebaki sekunde chache. Auburn walikuwa mbele, 62 kwa 60. Ty Jerome wa Virginia alikuwa akiupandisha mpira mbio, akajaribu kuupitisha nyuma ya mgongo, ukamgonga mguuni na kumponyoka. Aliukimbilia, akaushika kwa mikono miwili, kisha akaanza kuudunda upya. Hilo ni kosa ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analijua: ukishaushika mpira umemaliza kuudunda, na huruhusiwi kuanza tena isipokuwa mpinzani awe ameugusa katikati, au uwe umerusha kapuni, au pasi yako imeguswa na mwingine. Filimbi ilipaswa kulia. Auburn wangepewa mpira, Virginia wangelazimika kuwachezea faulo, na Auburn wangekwenda kwenye mstari wa mitupo huru wakiwa mbele na saa ikielekea sifuri. Badala yake mchezo uliendelea, Auburn wakacheza faulo zikiwa zimebaki sekunde 1.5, Virginia wakaurudisha mpira uwanjani, Kyle Guy akarusha kutoka pembeni, Samir Doughty wa Auburn akaitiwa faulo, na saa ikasimama kwenye 0.6. Guy akaingiza mitupo yote mitatu. Siku mbili baadaye Virginia wakawa mabingwa.

Na timu yenyewe iliyopoteza inatia huruma. Auburn hawakuwahi kufika hatua ya timu nne bora katika historia yao. Walifika hapo kwa kuzitoa Kansas, North Carolina na Kentucky, na mchezaji wao Chuma Okeke aliumia goti kwenye mchezo wa North Carolina. Timu ya namna hiyo ikifungwa kwa pointi moja baada ya kosa lililoonekana na dunia nzima, hasira ya mashabiki inaeleweka. Ninachokataa ni hukumu waliyoijenga juu ya hasira hiyo.

Kwanza: saa haiongezei kosa uzito

Wanasema kosa lile ndilo lililoamua mchezo kwa sababu lilitokea mwishoni. Mantiki hii imeenea kiasi kwamba watu hawaioni tena kama hoja inayohitaji ushahidi. Lakini pointi za mpira wa kikapu hazipandi bei kadiri jioni inavyoingia. Kikapu cha dakika ya tatu kinaandikwa ubaoni kwa thamani ileile ya kikapu cha dakika ya 40.

Tuutazame mchezo wenyewe. Zikiwa zimebaki dakika kama tano, Virginia walikuwa mbele 57 kwa 47. Auburn wakafunga pointi 14 mfululizo bila kujibiwa, wakapanda hadi 61 kwa 57. Ndani ya dakika hizo Virginia walipoteza mashambulizi, walikosa mitupo, walilegea. Kama Virginia wangefungwa, kila mmoja wetu angesema walijifungia mlango wenyewe katika dakika hizo tano, na tungekuwa sahihi. Kisha Guy akafunga kikapu cha pointi tatu, ikawa 61 kwa 60. Jared Harper wa Auburn akachezewa faulo, akaenda kwenye mstari wa mitupo huru na mitupo miwili mkononi. Aliingiza mmoja, akakosa mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka shabiki asimame nami kidogo. Kama Harper angeingiza miwili, Auburn wangekuwa mbele 63 kwa 60, na mitupo mitatu ya Guy ingezaa sare na muda wa nyongeza. Mtupo ule haukuzuiwa na mtu. Hakukuwa na mkono usoni wala bega ubavuni. Ulikosewa na mchezaji mahiri, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa na uchovu wa dakika 40 miguuni, na hakuna mwenye akili timamu anayemwita Harper mwizi wa ushindi wa timu yake. Tunasema: amekosa, ni binadamu. Sekunde chache baadaye binadamu mwingine, aliyevaa nguo za mwamuzi, naye amekosa, na huyo tunamwita mwizi. Makosa mawili, yaliyopishana kwa pumzi chache, yenye athari zinazolingana kwenye matokeo. Moja limesamehewa kabla halijatajwa, jingine halitasamehewa milele. Sababu ya tofauti hiyo haimo kwenye ubao wa matokeo. Imo kwenye upande ambao shabiki ameshikilia.

Mwenye duka akifunga hesabu jioni na kukuta upungufu, hamkamati mteja wa mwisho kwa sababu tu ndiye aliyetoka karibuni. Anarudi kwenye daftari la siku nzima.

Chombo kimoja kikubwa kimechangia kuimarisha fikra hii ya saa. Ligi ya kulipwa ya NBA, tangu mwaka 2015, hutoa ripoti ya uamuzi uliofanyika katika dakika mbili za mwisho za michezo iliyokaribiana. Nia yake ni uwazi, na uwazi ni jambo la haki. Lakini tazama inachofundisha: kwamba dakika 46 za kwanza hazistahili kukaguliwa hadharani. Shabiki anayesoma ripoti ya aina hiyo mwaka baada ya mwaka hujifunza kwamba faulo iliyokosewa robo ya kwanza, ile iliyompeleka nyota wake benchi akiwa na faulo mbili mapema, haina maana. Kocha yeyote atakuambia faulo ya namna hiyo hugeuza mchezo mzima. Haina picha ya kusisimua, basi inasahaulika.

Pili: "sheria ni sheria" inakata pande zote

Hii ndiyo sehemu ninayoiona nzito kuliko zote, kwa sababu hapa wanaodai wizi wanajipinga wenyewe.

Wanasema sheria ni sheria, iwe dakika ya kwanza au sekunde ya mwisho. Vema. Basi turudi nyuma kwa nukta moja kabla Jerome hajaushika mpira kwa mikono miwili. Picha za marudio, zilezile wanazozitumia kuthibitisha kosa lake, zinaonyesha mkono wa Bryce Brown wa Auburn ukiwa kwenye jezi ya Jerome. Auburn walikuwa bado na faulo za kutumia, yaani wangeweza kumkamata Jerome bila kuwapa Virginia mtupo huru hata mmoja, na kwa timu inayoongoza kwa pointi mbili huo ulikuwa mpango wa busara: kata shambulizi, punguza saa, walazimishe waanze upya. Kushika jezi ya mchezaji anayedunda mpira ni faulo. Sheria ikisomwa kwa utaratibu wa matukio, filimbi ya kwanza ilipaswa kuwalilia Auburn. Mpira ungebaki kwa Virginia, pembeni mwa uwanja, na saa ingekuwa na muda mrefu kuliko zile sekunde 1.5 walizobakiwa nazo.

Sasa mwenye kusema sheria ni sheria achague. Ama tunazihesabu filimbi zote mbili zilizokosekana, na Virginia wanapata mpira na muda zaidi ya walioupata. Ama tunakubali kwamba waamuzi waliacha mambo mawili yapite, moja la kila upande, mchezo ukaendelea. Asiloruhusiwa kufanya ni kuchagua kosa la Jerome peke yake, kulikata na mkasi na kulitundika ukutani bila mkono wa Brown. Mwenye kufanya hivyo anaitetea Auburn. Hajaitetea sheria.

Na kuna jambo baya zaidi. Wengi wa haohao walisema, usiku uleule, kwamba faulo ya Doughty dhidi ya Guy haikupaswa kuitwa. "Huwezi kuamua mchezo wa nusu fainali kwa filimbi ikiwa imebaki chini ya sekunde moja," walisema. "Waache wachezaji waamue." Msikilize vizuri anayesema hivyo. Kwa tukio la kwanza anataka mwamuzi awe na ujasiri wa kupuliza bila kujali saa. Kwa tukio la pili, lililokuja baada ya sekunde chache, anataka mwamuzi huyohuyo aogope saa na kumeza filimbi. Kanuni mbili zinazopingana, na zote zinaangukia upande mmoja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Faulo ile ilikuwa faulo. NCAA walieleza baada ya mchezo kwamba Doughty alisogea na kumwingilia mrushaji aliyekuwa hewani, akaiziba nafasi ya kutua miguu. Kanuni ya kutua haikuwekwa kwa ajili ya pointi. Imewekwa kwa sababu mchezaji anayeshuka juu ya mguu wa mwenzake huvunjika kifundo. Kuiondoa kanuni hiyo katika sekunde za mwisho ni kusema kwamba kifundo cha mchezaji kinalindwa kwa dakika 39 na kuachwa wazi katika dakika ambayo wapinzani wanamrukia kwa nguvu kuliko wakati wowote.

Kocha wa Auburn, Bruce Pearl, ndiye aliyekuwa na haki kubwa kuliko wote ya kulalamika. Alichosema usiku ule ni kwamba kama ni faulo iitwe, mwanzoni, katikati na mwishoni, na kwamba asingependa mchezo mzuri namna ile ukumbukwe kwa uamuzi mmoja. Mashabiki waliochukua bendera yake wameikanyaga kauli yake yote, mwanzo wake na mwisho wake.

Tatu: televisheni haiondoi ubishi

Hapa hoja hubadilika sura. Sawa, wanasema, mwamuzi ni binadamu. Basi mpeni mashine. Kama marudio ya picha yangeruhusiwa, kosa lingesahihishwa na haki ingetendeka.

Marudio yana kazi yake, na nitatoa mfano unaotugusa sisi moja kwa moja. Machi 12, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, timu ya Connecticut yenye Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam ilikutana na Syracuse katika robo fainali ya kanda ya Big East. Zikiwa sare 71 kwa 71, Eric Devendorf wa Syracuse alirusha kutoka mbali, mpira ukaingia, akapanda juu ya meza kushangilia. Waamuzi wakaenda kutazama picha. Mpira ulikuwa bado kwenye ncha za vidole saa ilipofika sifuri. Kikapu kikafutwa, ikachezwa nyongeza, na nyongeza zikawa sita. Swali lililoulizwa mashine siku ile lilikuwa la ndiyo au hapana: mpira ulikuwa umeutoka mkono au bado? Mashine hujibu maswali ya namna hiyo kwa uaminifu. Na baada ya usahihi wote huo Connecticut wakafungwa 127 kwa 117. Kupewa uamuzi sahihi dakika ya mwisho hakukuwapa ushindi; kuliwapa nafasi ya kuendelea kucheza.

Kosa la Jerome ni la aina nyingine. Ni tukio ambalo filimbi haikulia, na anayetaka lirudiwe kwenye skrini lazima aseme marudio yanaanzia wapi. Kwenye mikono miwili? Kwenye jezi? Kwenye mguso mwingine wowote uliotangulia katika shambulizi hilo? Ukifungua mlango kwa kila jambo ambalo halikuitwa, utakuta katika kila shambulizi kuna hatua ya ziada ya mguu, kiwiko kilichosukuma, skrini iliyosogea. Ndiyo maana kanuni za NCAA hazikuruhusu kosa la kudunda upya kutazamwa kwenye picha mwaka 2019. Na hata walipoanzisha haki ya kocha kupinga uamuzi kwa msimu wa 2025/26, waliifungia kwenye mambo machache: mpira kutoka nje, kuingilia mpira unapoingia kapuni, na nafasi ya mlinzi katika eneo la chini ya kapu. Hata leo, tukio la Jerome likijirudia kama lilivyokuwa, kocha hana kadi ya kuinua.

Kisha tazama yaliyotokea siku mbili tu baada ya Minneapolis kulipuka, Aprili 8, katika uwanja uleule. Fainali, Virginia dhidi ya Texas Tech, muda wa nyongeza. De'Andre Hunter wa Virginia aliupiga mpira kutoka mikononi mwa Davide Moretti, ukatoka nje. Waamuzi wakawapa Texas Tech, kama ambavyo kila mwamuzi wa kila uwanja angefanya. Wakaenda kwenye picha, na picha ikaonyesha mpira umekwaruza kidole kidogo cha Moretti kabla haujatoka. Uamuzi ukageuzwa, Virginia wakapewa mpira, wakashinda 85 kwa 77. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa kipimo cha nywele. Na malalamiko yakasikika tena, safari hii yakisema kwamba picha zimeua roho ya mchezo, kwamba mchezaji anayeupiga mpira nje ndiye anayepaswa kuupoteza, kwamba hakuna jicho la binadamu lingeuona mguso ule. Jumamosi mwamuzi alilaumiwa kwa kutoona kama mashine. Jumatatu alilaumiwa kwa kuona kama mashine.

Na mashine haiondoi kosa la kutafsiri sheria. Februari 11, 2023, mjini Charlottesville, Virginia tena, mara hii dhidi ya Duke, zikiwa sare 58 kwa 58, Kyle Filipowski alipanda kapuni saa ikimalizika na waamuzi wakaita faulo. Wakaenda kwenye picha, wakarudi wakaifuta, wakisema muda ulikwisha kabla ya mguso. Virginia wakashinda katika nyongeza, 69 kwa 62. Kanda ya ACC, ambayo timu hizo mbili zimo, ikatoa tamko kwamba kanuni ilitumika vibaya na Filipowski alistahili mitupo miwili. Filimbi ya kwanza, ya jicho tupu, ndiyo iliyokuwa sahihi. Kosa lilizaliwa mbele ya skrini.

Nne: tunakumbuka yanayotufaa

Aprili 5, 1993, New Orleans, fainali. North Carolina wako mbele ya Michigan 73 kwa 71, sekunde zinahesabika. Chris Webber wa Michigan anadaka mpira uliorudi kutoka kwenye mtupo huru uliokosewa, anageuka kutaka kutoa pasi, anasita, anaburuta mguu. Ametembea na mpira. Benchi la North Carolina linainuka lote likidai filimbi. Hailii. Webber anaupandisha mpira hadi kona ya mbele ya benchi lake, anabanwa na wapinzani wawili, anaomba taimauti zikiwa zimebaki sekunde 11. Michigan hawana taimauti iliyobaki. Faulo ya kiufundi, mitupo, mwisho wa mchezo: 77 kwa 71.

Kila anayeupenda mchezo huu anaijua taimauti ya Webber. Kutembea kwake kwanza hutajwa kwa kupita, kama kunatajwa kabisa. Lakini lilikuwa kosa la mwamuzi la ukubwa uleule, katika mchezo mkubwa zaidi, sekunde za mwisho, mbele ya kila mtu. Halikuitwa wizi kwa sababu moja tu: aliyenufaika nalo alishindwa. Fikiria Webber angevuka ile kona salama na Michigan wakasawazisha na kushinda. Mwaka 1993 ungekuwa leo mwaka wa wizi mkubwa. Kosa la mwamuzi lingekuwa lilelile, inchi kwa inchi. Kilichobadilika ni matokeo. Maana yake ni kwamba mashabiki hawapimi kosa kwa kosa. Wanasubiri matokeo, kisha wanachagua kosa la kuyaeleza.

Tano: gharama ambayo shabiki hailipi yeye

Anayepiga kelele za wizi hudhani kelele zake ni bure. Kuna wanaozilipia, na wa kwanza ni timu anayoipenda.

Machi 18, 2017, Northwestern walikuwa wakicheza mashindano ya NCAA kwa mara ya kwanza katika maisha ya chuo hicho. Walikuwa nyuma ya Gonzaga kwa pointi 22, wakapambana hadi ikabaki 63 kwa 58. Zach Collins wa Gonzaga akapenyeza mkono kupitia ndani ya ringi kuuzuia mpira. Kikapu kilipaswa kuhesabiwa. Hakikuhesabiwa, na baada ya mchezo NCAA wakakiri hadharani kwamba waamuzi walikosea. Kocha wa Northwestern, Chris Collins, akaingia uwanjani kwa hasira akionyesha mkono ulivyopita, akapewa faulo ya kiufundi. Gonzaga wakaingiza mitupo miwili. Ilipopaswa kuwa 63 kwa 60 ikawa 65 kwa 58. Kosa la mwamuzi liliwagharimu pointi mbili. Hasira ya kudai haki iliongeza mbili nyingine juu yake. Mchezo ukaisha 79 kwa 73. Kocha alikuwa na haki kwa kila kitu alichokiona, na bado hasira yake ikaifanyia timu kazi ileile iliyofanywa na kosa.

Wanaofuata kulipa ni waamuzi. Mwaka huohuo, baada ya North Carolina kuwatoa Kentucky 75 kwa 73, mashabiki walimwandama mmoja wa waamuzi wa mchezo ule hadi kwenye kampuni yake ya kuezeka mapaa. Simu za vitisho zikamiminika, na watu ambao hawakuwahi kuezekewa hata bati moja wakaandika kwamba kazi yake ni mbovu. Wafanyakazi waliokuwa wakipokea simu hizo hawakupuliza filimbi yoyote. Hapo ndipo neno "wizi" linapofika. Likishatamkwa na kukubaliwa, kila mtu anajiona askari.

Shirikisho la michezo ya shule za sekondari za Marekani, NFHS, lilikadiria kwamba waamuzi wapatao 50,000 waliacha kazi hiyo baada ya msimu wa 2018/19. Janga la korona lilichangia. Lakini shirikisho hilo limekuwa likisema kwa miaka kwamba matusi ya wazazi na mashabiki ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kuondoka. Waamuzi wa NCAA hawaoti kwenye miti. Wanatoka kwenye michezo ya shule, ile ya ukumbi mdogo na malipo madogo, ambako kijana anayejifunza kupuliza anatukanwa na mzazi aliyejifunza matusi hayo kwa kutazama televisheni. Anayetaka waamuzi bora katika nusu fainali anahitaji maelfu ya vijana wavumilie miaka kumi ya makosa wakiwa wanajifunza. Kila anapomwita mwamuzi mwizi, anapunguza idadi ya watakaobaki.

Na wapo wachezaji. Guy alisimama kwenye mstari ule akiwa na mwaka mzima mgongoni: Machi 16, 2018 timu yake ilikuwa ya kwanza katika mashindano ya wanaume, kati ya timu za daraja la juu kabisa la upangaji, kufungwa na timu ya daraja la 16, ilipopigwa na UMBC 74 kwa 54, na baada ya hapo aliandika wazi juu ya wasiwasi uliomsumbua. Aliingiza mtupo wa kwanza. Akaingiza wa pili, ikawa sare. Pearl akaomba taimauti ili muda umlemee, mbinu halali kabisa. Akarudi, akaingiza wa tatu. Simulizi la wizi linamfuta Guy. Linawafuta Auburn pia, pointi zao 14 mfululizo dhidi ya walinzi wagumu kuliko wengi nchini, wakiwa bila Okeke, kwa sababu katika simulizi hilo wachezaji kumi hawakufanya lolote la maana mpaka mwamuzi alipokosa kupuliza.

Najua nitaulizwa: basi mashabiki wanyamaze? Hapana. Wadai kazi ya waamuzi ipimwe kwa dakika zote 40. Wadai NCAA watoe maelezo ya filimbi zilizokosekana kwa uwazi uleule waliotumia kueleza faulo ya Doughty. Wadai mafunzo na malipo ya waamuzi wa ngazi za chini. Na wanapoyadai hayo kwa mfano wa Minneapolis, waonyeshe mkanda wote, wakianzia kwenye mkono wa Brown.